Vifaranga 38 wa gapi, wakabaki 9: uchambuzi wa siku tano za kwanza

Tangi lenyewe ni la kioo, urefu sentimita 60, upana 30, kina 36. Ukitoa changarawe na nafasi iliyoachwa juu, maji yake halisi ni lita 55 hivi. Liko sebuleni, ghorofa ya pili, kwenye nyumba ya kupanga Dar es Salaam. Mna gapi tisa, samaki wadogo wa mapambo wanaozaa watoto hai badala ya kutaga mayai, majike matano na madume manne, na chujio la ndani lenye sponji lililofanya kazi zaidi ya mwaka bila kusimama, labda umeme ukatike. Maji ni ya kisima cha jirani, yananunuliwa kwa dumu: magumu, yanaacha gamba jeupe ndani ya birika, pH yake (kipimo cha uasidi na ualkali) 8.0. Hita haipo wala haihitajiki, maana joto la maji linacheza kati ya nyuzi 27 na 29. Samaki wakubwa hawajawahi kuugua. Hilo la mwisho likumbukwe, ndilo lililofungua kisa kizima.

Jike mmoja alipojaa tumbo na doa jeusi la karibu na tundu la haja likakolea, mwenye tangi alimvua kwa wavu akamtia kwenye kiboksi cha kuzalia, kile cha plastiki kinachoning'inizwa ndani ya tangi na kina matundu membamba ubavuni. Kinabeba lita 1.5. Alikaa humo siku nne kabla ya kuzaa. Asubuhi ya Jumatano walihesabiwa vifaranga 38. Mama alirudishwa kwa wenzake, watoto wakabaki kwenye kiboksi, na chakula chao kikawa kiini cha yai la kuchemsha kilichovurugwa kwenye maji, mara nne kwa siku.

Siku ya kwanza walikufa 4. Kuanzia siku ya pili hadi ya nne walikufa 9. Siku ya tano asubuhi maji ya kiboksi yalikuwa na ukungu, kwa hiyo 25 waliobaki walihamishiwa kwenye beseni la maji mapya ya bomba. Ndani ya saa mbili walikufa 16. Wakabaki 9, na swali likawa ni dawa gani inunuliwe.

Hapakuhitajika dawa, kwa sababu hapakuwa na ugonjwa. Palikuwa na vifo vya aina tatu, kila kimoja na sababu yake, na vyote vitatu vilitokana na juhudi za kuwalinda watoto. Kifaranga wa gapi anazaliwa amekamilika: anaogelea, anaona, anakula siku hiyo hiyo. Anachokosa ni uwezo wa kuvumilia maji mabaya. Kinga ya kwanza anayohitaji si ukuta wa plastiki kati yake na mama yake. Ni maji mengi na yaliyozoeleka.

Wanne wa kwanza

Hawa walizaliwa kabla ya wakati. Walikuwa na kifuko kidogo cha rangi ya chungwa chini ya tumbo, yaani kiini kilichopaswa kuisha wakiwa bado ndani ya mama. Kifaranga aliyetimiza siku zake huzaliwa bila kifuko hicho, au kikiwa kimebaki kidogo mno.

Gapi hubeba mimba kati ya siku 21 na 30, na kwenye maji ya joto la pwani huelekea upande mfupi. Jike akivuliwa kwa wavu, akafungiwa kwenye lita moja na nusu ambako kila akigeuka anagusa ukuta, huweza kuachia mimba mapema. Doa jeusi pekee si dalili ya kuzaa leo, kwani linaweza kukolea wiki nzima kabla. Dalili ya karibu ni tumbo kupata pembe ukimtazama kwa mbele, badala ya kuwa la mviringo. Kujitenga kwenye kona. Kukataa chakula alichokuwa akikikimbilia jana. Kama ni lazima kutumia kiboksi, hapo ndipo aingie, kwa saa kadhaa, asizidi siku moja. Jike aliyekwisha anza kujitenga asiguswe kabisa kwa wavu: achotwe pamoja na maji kwa bakuli.

Kifaranga mwenye kifuko anaweza kupona akiachwa kwenye maji matulivu bila kulishwa siku moja au mbili. Hawa walilishwa yai saa ile ile.

Tisa wa kiboksi

Hapa ndipo pa kukaa zaidi, kwa kuwa kosa hili linafanywa na watu makini.

Kiboksi kiko ndani ya tangi, basi mtu anaamini maji ya ndani na ya nje ni mamoja. Siku ya kwanza ni kweli. Kisha yai linaanza kazi yake. Kiini kikivurugwa hakibaki punje. Sehemu kubwa inageuka kuwa maziwa ya mafuta na protini yanayotawanyika kila mahali. Kifaranga wa milimita 7 anawinda punje anayoiona na hana namna ya kunywa maziwa hayo. Kwa hiyo yanabaki, yananata, yanaoza. Ukipitisha kidole ubavuni mwa kiboksi hiki kwa ndani, kilitoka na ute wa kijivu unaovutika. Kilipoinuliwa kuelekea dirishani, mwanga ulipita kwenye matundu machache ya juu tu. Ya chini yote yalikuwa yamezibwa na ute huo.

Maji ya kiboksi yalikuwa bado hayajamwagwa, yakapimwa kwa karatasi za kupimia siku hiyo ya tano. Tangi kuu: amonia, sumu inayotokana na kinyesi na mabaki yanayooza, haikuonekana. Kiboksi: miligramu 2 kwa lita. Kati ya vipimo hivyo viwili kuna unene wa plastiki tu. Huku wazazi wazima kabisa, huku watoto wanakufa, na maji yametoka dumu moja. Ugonjwa hauchagui hivyo.

Kuhusu hizo miligramu 2, kipimo kinasoma amonia yote kwa jumla. Inayoua ni sehemu isiyo na chaji, nayo huongezeka kadiri pH na joto vinavyopanda. Kwenye pH 7.0 na nyuzi 28 sehemu hiyo haifiki asilimia 1 ya jumla. Kwenye pH 8.0 kwa joto lile lile ni asilimia 6.5 hivi. Basi kiboksi hiki kilikuwa na takriban miligramu 0.13 za amonia kali katika kila lita, na kwa vifaranga inafaa isizidi 0.02. Mfugaji mwenye maji ya pH 7 angeweza kufanya vile vile, yai lile lile, kiboksi kile kile, asipoteze hata mmoja, kisha akawashauri wa pwani kwa nia njema kabisa. Ndiyo maana ushauri wa samaki bila kutaja pH na joto la maji ni wa kuupokea kwa tahadhari.

Ukungu nao una madhara yake. Ni bakteria wanaokula mabaki ya yai, na wanapumua oksijeni ile ile wanayoitaka samaki. Maji ya nyuzi 29, hata yakiwa yamejaa hewa kabisa, hubeba miligramu 7.7 hivi za oksijeni kwa lita, na humo ndimo kila kiumbe kinachota. Waliokufa walikutwa alfajiri karibu wote. Jioni kabla yake walikuwa wakining'inia chini ya uso wa maji, matamvua yakienda mbio, mekundu kuliko kawaida. Watatu hawakuonekana mapema: mwili wa milimita 7 unajificha vizuri chini ya utando wa chakula kwenye kona, na unaoza kwa kasi kwenye joto hilo, ukiongeza amonia ya wenzake.

Kumi na sita wa beseni

Uamuzi wa kuwatoa kwenye ukungu ulikuwa sahihi. Maji waliyopelekwa ndiyo yaliyowaua.

Kwa sehemu kubwa ya Dar es Salaam maji ya bomba asili yake ni Mto Ruvu, yametibiwa kwa klorini. Hapa yalipimwa pH 7.2, na yalikuwa laini kuliko ya kisima. Vifaranga walipata mapigo mawili kwa pamoja: klorini iliyounguza matamvua, na kuporomoka ghafla kwa madini waliyozaliwa nayo. Lipi liliua? Kasi inajibu. Mshtuko wa madini huchukua saa nyingi, mara nyingine siku mbili. Samaki anakunja mapezi na kutikisika mahali pamoja bila kusogea. Klorini ni jambo la dakika. Walianza kwa kuruka huku na huku kama wanaotafuta mlango, wakapanda juu kuhema, kisha wakazama. Chini ya tochi matamvua ya waliokufa yalikuwa meupe, si mekundu kama ya wale tisa. Tofauti hiyo ya rangi ni ndogo, ila inafaa kuangaliwa kabla ya kutupa mfu yeyote.

Maji ya bomba yanafaa kwa gapi, yakiandaliwa. Yajazwe kwenye ndoo yenye mdomo mpana, yakae saa 24 yakipigwa na jiwe la hewa, au saa 48 bila hewa. Hiyo inaondoa klorini. Kama mamlaka ya maji ya mahali husika inatumia kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, kulaza maji hakusaidii; hapo inatumika sodiamu thayosalfeti, dawa ya kuondoa klorini, kwa kipimo cha kwenye chupa, na kwa vifaranga maji yaongezwe kidogo kidogo, kwa kuwa kloramini ikivunjwa inaacha amonia. Na anayetoka maji ya kisima kwenda ya bomba abadilishe sehemu moja ya kumi kila siku, asihame kwa mkupuo.

Tisa waliobaki

Kanuni ya kuzoesha samaki polepole ina wakati wake, na klorini si wakati huo. Wote tisa walirudishwa mara moja kwenye maji ya tangi la wazazi, bila kusubiri.

Walitengewa chombo cha plastiki angavu cha kuhifadhia vitu, cha lita 25, kikatiwa lita 15 kutoka tangi kuu. Kina cha maji kilikuwa sentimita 18. Kina kifupi na uso mpana vinafaa kwa sababu mbili: hewa inaingia vizuri hata pampu ikizimwa, na kifaranga anafika juu bila kuchoka. Hawakuwekewa changarawe, sakafu tupu inaonyesha mabaki na mfu papo hapo. Tangi kuu liliongezwa maji ya kisima lita 7 siku hiyo na lita 8 kesho yake.

Kazi kubwa ilifanywa na sponji. Ile ya chujio la wazazi ilikatwa nusu kwa mkasi, nusu ikabaki kazini, nusu ikavikwa kwenye bomba la chujio la hewa ndani ya chombo kipya. Sponji mpya ingehitaji wiki nne hadi sita kuotesha bakteria wa kugeuza amonia kuwa naitraiti na kisha naitreti, na vifaranga hawana wiki hizo. Nusu ya sponji ya mwaka mzima ilitosha samaki tisa wadogo tangu saa ya kwanza. Isioshwe kwa maji ya bomba hata mara moja. Ikichafuka ikamuliwe kwenye maji yaliyotolewa tangini. Hewa ilibanwa hadi mapovu yakahesabika, kwani mkondo mkali unamchosha kifaranga na kumtenga na chakula. Juu kikafunikwa kipande cha chandarua.

Kwa siku 14 maji yalibadilishwa lita 3 kila siku, yaani asilimia 20. Mpira mwembamba wa hewa wenye tundu la milimita 4 unanyonya taratibu, na mdomoni ulifungwa kipande cha soksi ya nailoni. Yanayotoka yaliingia kwenye ndoo nyeupe na kumulikwa kwa tochi kabla ya kumwagwa. Mara mbili kifaranga alikutwa humo, licha ya soksi, kwa kuwa ilikuwa imelegea. Maji mapya ya kisima, yenye joto lile lile, yaliingia kupitia mpira uliopigwa fundo ili yatiririke nusu saa nzima.

Chakula

Yai liliachwa kabisa. Anayelazimika kulitumia achukue kipande cha ukubwa wa punje ya choroko, akifunge kwenye kitambaa, akikamue kwenye maji na kumwaga maziwa yote mpaka zibaki punje tu, kisha adondoshe matone mawili. Ni kazi nyingi kwa faida ndogo.

Chakula kikuu kilikuwa cha vipande cha samaki wakubwa, kikisagwa kwa vidole hadi kuwa vumbi. Badala yake au pamoja nacho, dagaa wakavu wa Ziwa Victoria wanafaa sana, ilimradi hawana chumvi: waoshwe kuondoa mchanga, waanikwe tena wakauke, watolewe vichwa, watwangwe, wapitishwe kwenye soksi ya nailoni. Chujio la chai lina matundu makubwa mno. Unga wa dagaa una mafuta na unazama haraka, kwa hiyo kipimo chake ni ncha ya kijiti cha meno. Kila mlo, mara tano kwa siku, uishe ndani ya dakika tatu. Matumbo yakionekana kuvimba kidogo, inatosha. Kifaranga aliyeshiba anaonekana kwa macho, ngozi yake ni angavu.

Mara mbili kwa siku walipata artemia, vijikamba vidogo vya maji ya chumvi, waliototolewa nyumbani, na hicho ndicho kilichowakuza. Chupa ya soda ya lita 1.5 ilikatwa kitako ikageuzwa kichwa chini, ikatiwa lita moja ya maji ya bahari. Wakazi wa pwani wana bahati hapa: maji ya Bahari ya Hindi, yakichotwa ufuko safi mbali na bandari na mitaro, yana gramu 35 za chumvi kwa lita na yanafaa yalivyo. Aliye bara achanganye gramu 30, vijiko vitano vya chai vilivyosawazishwa, kwenye lita moja. Mayai ya artemia robo kijiko cha chai, mpira wa hewa hadi chini kabisa, mwanga, nyuzi 28. Baada ya saa 24 hewa inazimwa dakika kumi. Maganda yanaelea, vijidudu vya rangi ya chungwa vinajikusanya chini panapomulikwa, vinanyonywa kwa mpira, vinachujwa kwenye leso na kusuuzwa kwa maji yasiyo na chumvi. Maganda yasiwafikie vifaranga, huziba utumbo. Na artemia waliwe mapema: kiini walichozaliwa nacho ndicho lishe, na wanakitumia wenyewe saa hadi saa. Wanaobaki wawekwe kwenye friji.

Yaliyofuata

Siku ya 11 alikufa mmoja. Tangu mwanzo alikuwa akitambaa sakafuni kwa tumbo bila kuweza kupanda. Kifaranga hupanda juu baada ya kuzaliwa na kumeza hewa ya kujaza kibofu cha kuelea. Utando wa mafuta juu ya maji, kama ule wa yai, huweza kumzuia. Wakabaki 8, na hao hawakupungua tena.

Wiki ya pili umeme ulikatika saa saba mfululizo. Hawakulishwa mpaka uliporudi. Sponji ilitolewa na kukamuliwa kwenye maji ya tangi kabla ya pampu kuwashwa, kwa sababu bakteria wanaokufa ndani yake wakikosa hewa hutemwa wote kwenye maji kwa pumzi ya kwanza. Ulipofika mwezi, walikuwa na milimita 13 hadi 15, na kwa watatu pezi la chini nyuma ya tumbo lilikuwa limeanza kuchongoka kama mshale. Hao ni madume, wakatengwa siku hiyo. Wakiachwa wiki chache zaidi, watapandana ndugu kwa ndugu.

Mama naye alizaa tena siku ya 27, na hata bila kupandwa upya ingewezekana, maana gapi jike huhifadhi mbegu za dume kwa miezi. Safari hii hakuguswa. Madume wawili kati ya wanne walikuwa wamegawiwa rafiki, wakabaki wawili kwa majike watano, na kona moja ya tangi ilisongwa na seratofilamu. Ni mmea unaoota hadi Ziwa Victoria, lakini ukichotwa ziwani au bwawani ukae kwanza kwenye ndoo wiki mbili na kukaguliwa: mabuu ya kereng'ende hujificha humo, na buu mmoja anamaliza uzao mzima. Wala gapi waliozidi wasimwagwe mtoni au mtaroni. Kwao ni Trinidad, Venezuela na majirani zao, na kwingi walikopelekwa kula mabuu ya mbu walibaki na kuzaana.

Asubuhi ile, tochi ilipomulikwa kwenye seratofilamu, zilihesabika jozi 22 za macho. Wakubwa walilishwa kitu kwanza, kabla ya taa kuwashwa, ili wasiwinde wakiwa na njaa. Siku ya saba walihesabika 17, wote wakiwa kwenye lita 55 za maji ya wazazi wao, amonia haionekani.